UZI: Sikukuu za mwisho wa mwaka ukiishi chomboni kwenye kisiwa cha kitropiki (nanga, umeme, maji, jiko, wageni, kuzunguka kisiwa)

NangaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila Desemba ikikaribia yanarudi maswali yaleyale: nitie nanga wapi, umeme utatosha, wageni niwachukue wangapi, na kisiwa tutakizungukaje huku chombo kimebaki peke yake. Tuyakusanye hapa. Naanza na mahali pa kulaza chombo, maana hilo likienda vibaya hakuna sikukuu, kuna zamu ya usiku kucha. Wa umeme, jiko na mengineyo wajaze chini.

Kwanza msimu. Desemba haifanani kila bahari. Karibi msimu wa vimbunga hufungwa rasmi tarehe 30 Novemba, lakini kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari pepo za biashara hukaza siku kadhaa mfululizo, kilomita 45 hadi 55 kwa saa. Mabaharia wa kule huziita pepo za Krismasi. Pasifiki ya Kusini na kusini mwa Bahari ya Hindi mambo ni kinyume: Novemba hadi Aprili ndio msimu wenyewe wa vimbunga, kwa hiyo huko sikukuu hupangwa karibu na maficho ya kukimbilia, hata kama ghuba yenyewe haipendezi. Ukiwa ndani ya digrii 5 hivi za ikweta vimbunga ni nadra sana, ila dhoruba fupi za mvua hazikosekani, na hugeuza upepo ghafla. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kaskazi huwa imeshika tangu Desemba mpaka Machi, kwa hiyo kinga iko kusini-magharibi mwa kisiwa. Ile ghuba nzuri ya kwenye picha huenda ilipigwa picha wakati wa kusi.

Pili, mwezi. Angalia sikukuu imeangukia tarehe ngapi ya mwezi wa angani. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Mahali penye mita 2.5 wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) panaweza kukukalisha mchangani wakati wa bamvua. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo kama leo yamekupwa saa tatu asubuhi, kesho ni karibu saa nne kasorobo. Sio bahari zote: Karibi sehemu nyingi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita, na Tahiti maji hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku kila siku, kwa sababu huko jua ndilo linaloyatawala zaidi ya mwezi.

Tatu, urefu wa mnyororo. Watu hupima kina cha pale waliposimama wakasahau vitu viwili: maji yatakayoongezeka, na urefu wa omo (pua ya chombo) kutoka usawa wa maji. Hesabu ni hii: kina sasa mita 5, maji yatapanda mita 3, omo iko juu mita 1.2. Jumla 9.2. Zidisha kwa 5 kama ni mnyororo mtupu na hali ni tulivu: mita 46. Upepo ukitarajiwa kukaza, zidisha kwa 7: karibu mita 65. Kama sehemu kubwa ya amari, yaani kile kinachofungwa kwenye nanga, ni kamba, 7 ndiyo ya kuanzia. Ukikosa nafasi ya kuachia mnyororo huo wote kwa sababu ya majirani, hapo sipo mahali pako, hama mapema.

Kutia nanga kwenyewe: shusha mpaka iguse chini, usiirundike. Acha upepo ukurudishe huku ukilegeza mnyororo taratibu. Ukifika nusu, ushike kidogo ili nanga igeuke na kuuma, kisha malizia. Tia gia ya nyuma, injini ya chini kabisa kwa dakika moja, halafu panda polepole mpaka mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa nusu dakika. Tazama vitu viwili ubavuni vilivyo kwenye mstari mmoja, mfano mnazi na paa la nyuma yake. Vikiachana, unaburuta. Weka mguu juu ya mnyororo: ukitetemeka kwa vipindi, nanga inaruka chini, haijashika. Mwisho vaa miwani ya kuzamia ukaione. Maji ya kitropiki yana mwangaza, hakuna sababu ya kubahatisha.

Usiuache mnyororo ukishikwa na winchi peke yake. Funga kamba ya nailoni ya mita 8 hadi 10, unene wa mm 12 hadi 14 kwa chombo cha mita 10 hadi 12, ili ivutike chombo kikiruka na wimbi. Hiyo ndiyo inayokupa usingizi.

KinaKifupi

Uzi umekuja wakati wake. Mkuu NangaMbili, swali: sehemu nyingi za visiwa hivi chini ni mchanga uliochanganyika na vichwa vya matumbawe. Mnyororo ukijizungusha pale unafanyaje? Na kupita kwenye mlango wa mwamba unaozunguka kisiwa ni saa ngapi?

NangaMbili

Kuingia: jua liwe juu na nyuma yako. Maana yake mlango ulio upande wa mashariki wa kisiwa uingie asubuhi kuanzia saa nne, wa upande wa magharibi uingie alasiri, na saa tisa iwe ndiyo mwisho. Mtu mmoja asimame juu kadiri awezavyo, akiwa na miwani ya jua ya kukata mng'ao. Buluu nzito ni kina. Kijani-samawati iliyopauka ni mchanga, mita chache. Kahawia au manjano-kahawia ni mwamba ulio karibu na uso wa maji, usiujaribu. Ila jihadhari na wingu: kivuli chake kinafanana kabisa na mwamba au nyasi za bahari, tofauti ni kwamba kinatembea. Kukiwa na mawingu mengi, subiri nje.

Mnyororo na vichwa vya matumbawe: uelee. Tia nanga kwenye kipande cha mchanga mtupu, achia mnyororo mara mbili ya kina, kisha funga boya dogo kwenye mnyororo, na jingine baada ya mita 5 hadi 8, mpaka karibu na chombo. Yale maboya ya mviringo ya kuvulia lulu yanafaa, hata fenda (boya la kukinga ubavu) ndogo inafaa. Upepo ukilegea, mnyororo unaning'inia juu ya vichwa badala ya kuvizunguka. Upepo ukikaza, maboya yanavutwa chini na uzito wa mnyororo unafanya kazi yake kama kawaida. Usipofanya hivyo, mnyororo ukijifunga kwenye kichwa kifupi hesabu yako ya 5 kwa 1 imegeuka 1 kwa 1, na wimbi la kwanza kubwa litang'oa kitu: ama tumbawe, ama chuma cha omoni.

Nyasi za bahari ziepuke pia. Nanga hubeba fungu la mizizi kwenye ncha, haizami, na jeraha kwenye nyasi hukaa miaka.

AmpeaSaa

Nachukua umeme, kwa sababu sikukuu nyingi za chomboni huishia na betri zilizokufa asubuhi ya pili.

Mapambo ya taa: LED za volti 12 moja kwa moja, si za ukutani kupitia inveta. Kamba mbili za LED za wati 5 kila moja ni ampea 0.8, ukiwasha kwa muda wa saa 6 umetumia ampea-saa 5. Taa za zamani za nyuzi za wati 40 kwa muda huohuo zinakula 20. Na inveta ya wati 1,000 ikiwa imewashwa tu bila kazi hula nusu ampea mpaka ampea moja, yaani 12 hadi 24 kwa siku, kabla hujachomeka kitu. Ndiyo mwizi ambaye hakuna anayemshuku.

Mzigo mkubwa ni friji. Siku ya kawaida ya joto hesabu ampea-saa 50 kwa friji ndogo. Siku ya wageni mlango unafunguliwa kila dakika kumi na vinywaji vya moto vinaingizwa, itafika 70 au 80. Dawa yake: sanduku la barafu la pembeni kwa ajili ya vinywaji, na bonge zima la barafu badala ya vipande, maana bonge hukaa muda mrefu zaidi. Friji ifunguliwe na mpishi peke yake.

Upande wa kuingiza: sola za wati 400 kwa saa 5 za jua kali, ukatoe asilimia 30 ya upotevu, zinakupa wati-saa 1,400, kama ampea-saa 115 kwenye volti 12. Inatosha, kwa sharti moja: kivuli. Kamba moja ya bendera za mapambo ikitupa kivuli kwenye kona ya paneli inaweza kuangusha nguvu ya paneli hiyo kwa kiasi kikubwa, si ile kona tu. Bendera zifungwe omoni, sola ziachwe wazi. Betri za asidi msizishushe chini ya nusu. 200 zilizoandikwa ubavuni ni 100 za kutumia.

Mambo mawili ya usalama ambayo wauza taa hawayasemi. La kwanza, LED za bei poa hutoa kelele inayoziba VHF, redio ya mawasiliano ya chomboni. Jaribu hivi: weka redio kwenye chaneli isiyo na mtu, punguza kidhibiti cha kelele mpaka mvumo ukaribie kusikika, kisha washa taa. Mvumo ukitokea, taa hizo zitakuzuia kusikia mtu anayeita kwa mbali. Zitoe, hasa zilizo karibu na antena mlingotini. La pili, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinataka chombo kilicho nangani, chenye urefu chini ya mita 50, kionyeshe taa nyeupe inayoonekana pande zote, na zinakataza taa nyingine zinazoweza kuchanganywa na zile rasmi au kuzifunika. Kwa hiyo mapambo yawe chini, ya rangi ya joto. Nyekundu na kijani ziepukeni hata kama ndizo rangi za msimu: anayekuja usiku atadhani unatembea.

JikoLaTezi

Hongera kwa uzi. Mimi nina jiko na stoo.

Maduka ya visiwani hufungwa siku mbili tatu mfululizo, na meli ya mizigo huenda isije wiki nzima. Nunua mapema, siku nne au tano kabla. Makasha ya karatasi ngumu yasipande chomboni: mende hutaga kwenye mikunjo yake. Hamishia kila kitu kwenye vikapu palepale gatini. Matunda na mboga za majani chovya kwenye maji, ukaushe kivulini. Vitunguu na viazi visikae pamoja, viazi vitachipua. Ndizi zitundikwe mbali na matunda mengine, maana zikiiva hukokota kila kitu kuiva nazo. Kabichi nzima ambayo haijakatwa hukaa wiki kadhaa bila friji, ukibandua majani ya nje taratibu. Mayai ambayo hayajawahi kuoshwa wala kuingia kwenye friji hukaa vizuri kivulini, ukiyageuza kila baada ya siku mbili. Yaliyotoka kwenye friji yarudi kwenye friji.

Oveni ya chombo ni ndogo. Pima ndani kwa futikamba, toa sentimita 2 kila upande ili joto lizunguke, halafu ndipo ukanunue nyama na sinia. Choma alfajiri au usiku wa kuamkia siku yenyewe. Oveni ikiwaka mchana, chumba cha chini hakikaliki mpaka magharibi. Sufuria ya presha ndiyo iliyobaki: inapunguza gesi, inapunguza mvuke, na kifuniko chake kimefungwa chombo kikiyumba.

Gesi: pima mtungi kwa mizani ya kuning'iniza, toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo yake. Ukiona chini ya robo, badilisha kabla ya siku. Na baada ya kubadilisha, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote huku valvu ikiwa wazi na jiko limezimwa. Povu likivimba, kaza au badilisha mpira. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutoka dirishani, inashuka ngamani (chini kabisa ya chombo) na kungoja cheche ya pampu. Kwa hiyo kifaa cha kunusa gesi kiwe chini kabisa, na valvu ifungwe mtungini kila mkimaliza kupika.

Kuchoma kwa mkaa ni nje tu, tezini (nyuma ya chombo), upande ambao upepo unapeleka cheche majini. Usiingize jiko la mkaa ndani hata "limezimika": hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Jenereta ya kubebeka ni vilevile, na moshi wake huingia chombo cha jirani mkiwa mmefungana ubavu.

FundiNgama

JikoLaTezi umesahau kitu kimoja kinachonipa kazi kila Januari: mapambo. Zile nyuzi za fedha zinazometameta na karatasi za kurusha huishia ngamani. Zinajisokota kwenye chujio la pampu ya ngama, pampu inazunguka bila kuvuta, swichi ya kuelea inabaki imewashwa, betri inaisha na maji yanapanda. Mkiyataka sana, tumieni kitambaa na kamba. Mapambo ya kioo nayo hapana. Mguu mtupu na kioo kwenye sitaha yenye maji, hospitali iko kisiwa kingine.

Choo. Kabla ya kinywaji cha kwanza, kila mgeni aonyeshwe. Haingii kitu ambacho hakijaliwa, karatasi ni kwenye kopo. Pampu ya mkono ipigwe mara 15 mpaka 20 baada ya bakuli kusafika, la sivyo uchafu unabaki kwenye bomba na kurudi. Siku moja kabla mimina nusu kikombe cha mafuta ya kupikia upige pampu mara chache, mpira wa ndani utalainika.

Sasa hesabu ya tangi la kinyesi: wageni 6, kila mmoja mara 4, kila mara lita 2.5. Lita 60. Matangi mengi ya vyombo vya mita 10 hadi 12 yameshajaa hapo. Nenda ukamwage nje kabla ya sherehe, usingoje lianze kurudi. Mkataba wa MARPOL, wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, unataka maji machafu yasiyotibiwa yamwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na meli inayosogea. Kwa maandishi hayo unahusu meli za tani 400 na kuendelea au zilizoruhusiwa watu zaidi ya 15, lakini nchi nyingi zimeweka sheria zake kwa vyombo vidogo, na ndani ya hifadhi nyingi za bahari ni marufuku kabisa.

KinaKifupi

Na takataka? Sikukuu inazaa mifuko miwili mitatu.

FundiNgama

Plastiki haitupwi baharini popote, kwa chombo cha ukubwa wowote. Kamba ya nailoni na puto vimo humohumo. Mabaki ya chakula yaliyosagwa yakapita tundu la mm 25 yanaruhusiwa zaidi ya maili 3, yasiyosagwa zaidi ya 12; lakini kwenye maeneo maalumu kama Karibi ni yaliyosagwa tu, tena zaidi ya 12. Kwa hiyo bandua vifungashio vyote dukani, uje na kilo za chakula badala ya kilo za plastiki. Kinachobaki kioshe kwa maji ya bahari, kikaushe, kibane kwenye chupa kubwa. Uchafu mkavu haunuki. Visiwa vidogo vingi havina pa kuupeleka, usimwachie mwenyeji mfuko wako pwani ukadhani umeusalimisha.

MguuPwani

Naingia kwenye kuzunguka kisiwa.

Boti ndogo ndiyo gari lenu, na ndiyo inayoleta matatizo mengi. Ndani yake daima: makasia mawili, upo wa kukumbia maji, nanga ndogo ya kilo 2 hadi 3 na kamba ya mita 20, tochi, filimbi, koleo, ufunguo wa plagi na plagi moja ya akiba, pini ya propela, maji ya kunywa, redio ya mkono kwenye mfuko usiopitisha maji, na jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mkono au paja la dereva kila safari, hata ya mita 50.

Injini ikizimika dakika tano baada ya kuondoka, angalia kwanza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likiwa limefungwa, tangi linajivuta lenyewe na mafuta hayaji. Hata wazoefu wanaanza kufungua kabureta kumbe ni skrubu ya kifuniko. Kisha angalia maji ya kupoza yanayoruka nyuma: yakikatika baada ya kupita kwenye maji mafupi, umefyonza mchanga, zima, zibua tundu kwa waya laini. Ukikaribia ufukwe inua injini mapema, malizia kwa kasia.

Kushuka ufukweni: simama nje ya mawimbi dakika chache uyahesabu. Huja makubwa kadhaa, kisha unafuata utulivu. Ingia mgongoni mwa la mwisho. Mtu asiruke akasimama kati ya boti na nchi kavu, wimbi la nyuma litambamiza na kilo 80 za boti na injini. Kutoka, geuza omo ielekee bahari kabla hamjapanda.

Maji sasa. Bahari ikishuka mita 3 kwenye ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 30, ukingo wa maji unarudi nyuma mita 90. Hiyo ndiyo mtakayobeba boti mkichelewa. Kushuka hakuendi sawasawa: ukigawa tofauti yote mafungu 12, saa ya kwanza linaondoka 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Saa ya tatu na ya nne pekee zinachukua nusu. Kwa hiyo shukeni wakati maji yanajaa, yamefika nusu, boti ifungwe juu ya mstari wa takataka za maji makuu kwa kamba ndefu, na mrudi maji yakiwa yamejaa au ndiyo kwanza yanaanza kushuka.

Matembezi: maji nusu lita hadi lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea juani. Jua karibu na ikweta huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, na giza halichelewi, dakika 20 hadi 25 hivi basi. Wekeni saa ya kugeuza nyuma kabla hamjaondoka. Saa nane mchana inafaa, popote mtakapokuwa. Msipumzike chini ya minazi yenye madafu. Karibi na Amerika ya Kati kuna mti wa manchineel unaomea ufukweni, una matunda kama tofaa dogo la kijani. Utomvu wake unachoma ngozi, hata mvua inayodondoka kutoka majani yake, na moshi wake unaumiza macho. Usikinge mvua chini yake, usile tunda, usiwashie moto kuni zake.

Mbu wa dengue huuma mchana, wa malaria usiku, kwa hiyo mikono mirefu ni ya siku nzima. Visubi wa mikoko hutoka jioni kukiwa shwari. Chombo kikilala mita 300 au zaidi kutoka mikokoni, wengi hawafiki.

ChujioLaMaji

Naongeza la majini kwa wanaokwenda kutazama matumbawe. Anza kuogelea ukielekea mkondo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe kwenye boti. Karibu na mlango wa mwamba msiogelee wakati maji yanatoka. Mawimbi yakimwaga maji juu ya mwamba mchana kutwa, mlango unaweza kutoa nje hata wakati jedwali linasema yanajaa. Kwenye mchanga buruta miguu, samaki taa (yule bapa mwenye mwiba mkiani) atakusikia na kuondoka. Konokono mwenye gamba la umbo la koni usimwokote hata awe mzuri vipi, mwiba wake unaua. Ukichomwa na taa au samaki jiwe, chovya sehemu hiyo kwenye maji ya moto yasiyounguza, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzako ayapime kwa mkono wake kwanza, maana aliyechomwa hasikii joto sawasawa. Kisha tafuteni daktari. Mkwaruzo wa tumbawe usugue kwa brashi laini na maji safi palepale. Ukiuacha "ukauke wenyewe" utakaa na kidonda wiki tatu.

Shati la mikono mirefu la kuogelea ni bora kuliko krimu ya kukinga jua. Ili kulinda matumbawe, Hawaii imepiga marufuku uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021, Palau ilitangulia 2020. Soma kopo kabla hujalipia.

KinaKifupi

Samaki wa kujivulia kwa meza ya sikukuu, mnasemaje?

JikoLaTezi

Wa bahari kuu, wanaopita, hao hewala. Wa mwambani wakubwa, hasa mzia, mkunga na chewa mkubwa, waache. Sumu ya siguatera huanzia kwenye kiumbe kidogo sana kinachoishi juu ya mwani wa mwambani, huliwa na samaki wadogo, na kurundikana kadiri mlaji anavyokuwa mkubwa. Haina harufu wala ladha, haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kukausha. Dalili: kutapika na kuhara, ganzi midomoni na vidoleni, na kitu cha baridi kuhisiwa kama kinaunguza. Kile cha kumpa paka kwanza au kuweka sarafu ya fedha ni hadithi. Waulize wavuvi wa pale, maana mwamba mmoja unaweza kuwa salama na wa ng'ambo una sumu.

BenderaNjano

Wadau wanasahau karatasi. Kama mnavuka mpaka kwenda kisiwa cha nchi nyingine, uhamiaji na forodha mara nyingi huwa nusu siku mkesha wa sikukuu, na zikifunguliwa siku yenyewe ni kwa malipo ya ziada. Ukifika na ofisi imefungwa, bendera ya njano, ya kuomba kibali cha kuingia, ibaki juu na watu wabaki chomboni. Kushuka "kununua mkate tu" ni kuingia nchi bila kibali. Fika siku tatu kabla au subiri zipite.

Usiku wa Mwaka Mpya: fataki nyekundu za dharura, hata zilizopita muda, si za kusherehekea. Kuzirusha ni kuita uokoaji, na usiku ule mtu aliye taabani kweli ataonekana kama mlevi mwingine. Nyingine zikirushwa kutoka ufukweni, kunja tanga na turubai zinazoshika cheche, tia ndoo mbili za maji kwenye sitaha, na boti ya petroli iwe upande ambao cheche haziangukii. Redio ibaki chaneli 16, ya dharura.

NangaMbili

Nyongeza kwa wanaofunga vyombo ubavu kwa ubavu. Nanga iwe moja, ya chombo kizito kuliko vyote, fenda angalau nne kila ubavu, na vyombo visogezwe mbele au nyuma ili mikono ya milingoti isikutane vikiyumba. Muachane kabla ya giza. Vyombo vitatu juu ya nanga moja na dhoruba ya saa nane usiku, nanga inatoka na wote mnaenda pamoja.

AmpeaSaa

Hapo natofautiana kidogo, mkuu. Kwenye ghuba iliyofungwa pande zote na utabiri mzuri, vyombo viwili vinalala salama.

NangaMbili

Viwili, mnyororo wa 7 kwa 1, na mtu mmoja kila chombo ambaye hajanywa: sawa. Vitatu, hapana.

KinaKifupi

La mwisho wakuu. Wote tukienda kutembea, chombo kibaki bila mtu? Na maji ya kisima cha kisiwani tuyatie tangini?

MguuPwani

Kibaki bila mtu kama kimelala pale usiku mmoja mzima, maji yamejaa na kupwa, na nanga haijasogea. Kabla ya hapo mmoja anabaki. Weka king'ora cha nanga kwenye simu itakayobaki chomboni na ijumlishe urefu wa mnyororo kwenye duara lake, vinginevyo kitalia kila upepo ukigeuka. Waachie majirani namba yako na uwaonyeshe funguo zilipo.

ChujioLaMaji

Maji ya kisima yasiingie tangi kuu moja kwa moja. Yatie kwenye madumu, yaache yatue, chuja kwa kitambaa safi. Tia dawa ya kuulia vijidudu isiyo na manukato yenye klorini asilimia 5 hadi 6, matone 2 kwa lita, subiri nusu saa. Yasiponusa klorini hata kidogo, rudia kiasi kilekile na usubiri dakika 15. Yakiwa bado na ukungu, matone yawe 4. Na kama una mashine ya kuchuja maji ya bahari, usiisafishe kwa maji haya yenye klorini bila kichujio cha mkaa, yataua utando wake. Mvua ikinyesha, dakika kumi za kwanza ziache zioshe chumvi na vumbi kwenye turubai, baadaye ndipo ufungue bomba la tangi.